Kicheko cha Safu ya Tatu

Kicheko kilitoka safu ya tatu, upande wa mlango, na kabla sijageuza kichwa nilijua ni cha nani, ingawa sikuwa nimewahi kukisikia. Najua sentensi hiyo inajipinga. Nilikuwa nimemfahamu mwanamume yule kwa muda wa kutosha kujua jinsi anavyocheka: kwa pua, pumzi mbili fupi, kisha anapangusa mdomo kama mtu aliyemaliza chai. Hiki kilitoka tumboni. Kilianza chini, kikapanda, kikakatika, kikaanza upya, na mwishowe kikageuka kikohozi cha mtu anayeomba ahurumiwe. Waliokuwa karibu naye walianza kucheka kwa sababu yake tu. Mimi nilikuwa nimeketi benchi la nyuma kabisa, kinasa sauti mapajani.

Mwanamume huyo alikuwa mchumba wangu. Alikuwa amekuja, kwa maneno yake mwenyewe, kunisindikiza, ingawa alitangulia kuingia kabla yangu.

Ukumbi wenyewe uko nyuma ya kinu cha kusaga unga, katika mtaa mmoja wa upande wa magharibi wa Nakuru. Ni wa mabati juu na kando, una mabenchi ya mbao, na skrini yake ina kona moja iliyokufa, hivi kwamba mhusika yeyote anayekimbilia kushoto huingia gizani. Nilikwenda pale kila Jumapili alasiri kwa ajili ya tasnifu yangu ya uzamili, iliyohusu namna watazamaji wanavyoipokea filamu ya mapigano iliyotokana na hekaya ya kale. Filamu niliyoichagua ilisimulia habari za ngome ya mlimani katika nchi ya theluji. Hekaya husema ngome hiyo ililizuia jeshi kubwa kwa majira mazima ya baridi, si kwa sababu ya jemadari wake, bali kwa sababu ya mwanamke aliyekuwa mshauri wa jemadari. Kama mwanamke huyo aliwahi kuishi, hakuna anayejua. Katika filamu anasema machache, kwa lugha ambayo hakuna mtu Nakuru anayeielewa.

Lakini pale hakuna anayehitaji kuielewa, kwa sababu kuna dijei. Humwita hivyo ingawa hapigi muziki wowote. Huketi kwenye kreti la soda kando ya skrini, kipaza sauti kilichovishwa soksi mkononi, na kuwasemea wahusika wote kwa Kiswahili cha mtaani, huku sauti ya asili ikiwa imepunguzwa hadi ikawa mnong'ono. Dijei wa ukumbi ule alikuwa mwanamke wa rika langu, mwenye mwanya na sauti ya kukwaruza ambayo aliweza kuigeuza akitaka ikawa ya mfalme, ya farasi, au ya mshale unaojuta njiani.

Filamu ilirudiwa Jumapili baada ya Jumapili kwa ombi la watazamaji wenyewe, na kila Jumapili walicheka mahali tofauti. Hilo ndilo lililonivutia. Nilikuwa na dhana, na niliipenda: kwamba kadiri watu wanavyoirudia hekaya ndivyo wanavyozidi kuishuku, na kwamba kicheko ni shaka iliyokosa adabu. Nilikuwa nimeshaandika sura nzima juu ya dhana hiyo.

Siku ya kicheko kile, kwenye skrini mjumbe alikuwa amepiga goti mbele ya jemadari na kusema adui atafika jioni. Mshauri akageuka polepole, kama ilivyo kwenye filamu, na dijei akamsemea kwa sauti nyembamba iliyonyooka:

"Jioni ipi? Ya saa kumi, ya kuwasha taa, ama ile yenu ya kusema niko njiani?"

Ukumbi ulilipuka. Mimi sikucheka. Niliona kwamba hatimaye kuna mtu mmoja katika ngome ile aliyeuliza swali la msingi. Jeshi linaloambiwa "jioni" bila ufafanuzi haliwezi kupanga zamu za walinzi. Nilikuwa bado nikilitafakari hilo niliposikia tumbo la mchumba wangu likisalimu amri.

Baadaye, tulipokuwa tukitoka, alikuwa bado anajipangusa macho. Alisema yule dada anaweza. Nikamuuliza anaweza nini. Akasema kuchekesha. Nikataka kujua amekuwa dada tangu lini, naye akanitazama kwa mshangao wa kweli, au wa kuigiza vizuri, akasema kila mtu pale anamwita dada. Alikuwa amekuja na jirani yake wa Lanet, mzee aliyestaafu jeshini ambaye kila majeshi ya filamu yalipopanga mistari alilalamika kwa sauti kwamba hakuna kamanda mwenye akili anayeweka farasi mbele ya mishale. Mzee alitukatiza kusema kwamba hata hivyo yule mshauri angefaa kupewa kikosi. Nilimshukuru moyoni.

Nyumbani niliusikiliza mkanda wa siku ile, kisha wa Jumapili zilizofuata, maana alianza kuja kila mara bila kuombwa. Alifanya kazi Rongai, kwenye ghala la nafaka, akizitunza mashine za kukaushia mahindi, na hapo kabla Jumapili yake ilikuwa ya kulala. Sasa alikuwa akifika ukumbini kabla yangu. Nilikitenga kicheko chake na vicheko vingine, na hilo si kazi ngumu kwa mtu aliyefunzwa. Niligundua kwamba hakucheka jemadari aliposema, wala farasi, wala mfalme wa adui aliyekuwa na maneno ya mwenye nyumba anayedai kodi. Alicheka mshauri tu alipofungua kinywa, yaani dijei alipoitumia ile sauti moja nyembamba. Mbinu yangu ilikuwa sahihi kabisa. Hitimisho nililolipata ni kwamba mwanamke yule alikuwa na sauti aliyomwekea mchumba wangu.

Wivu wa mtu aliyesoma hauna haraka. Hujipa muda wa kukusanya ushahidi. Nilianza kumtazama dijei kuliko nilivyoitazama hadhira yangu. Niliona jinsi alivyokitega kidole gumba juu ya swichi kabla ya neno la kuchekesha, jinsi alivyonyamaza kwa kipimo kile kile ambacho mama yangu hunyamaza kabla ya kutaja jina la aliyekufa, jinsi wazee na wauza mitumba na wanawake waliotoka ibadani na Biblia zao walivyomgeuzia nyuso kama mimea inayolifuata jua. Nikamwonea wivu hata kwa ajili yao. Mimi nilikuwa nimewahi kufundisha darasa la wanafunzi wa mwaka wa kwanza na nusu yao wakalala.

Kisha niliwaona. Jumapili hiyo nilikuwa upande wa pili wa barabara, nikinunua betri dukani, na kinu cha unga kilikuwa kikinguruma hivi kwamba muuzaji alilazimika kunionyesha bei kwa vidole. Mlangoni pa ukumbi mchumba wangu alikuwa ameinama, mdomo wake karibu na sikio la dijei. Alisema kitu kirefu. Dijei akatupa kichwa nyuma akicheka, akampiga begani kwa mgongo wa mkono, kama wanavyofanya watu ambao hawajaanza kujuana leo. Muuzaji aliniuliza mara mbili kama nataka chenji.

Sikumuuliza mchumba wangu. Mimi ninayeuliza kila mtu jioni ipi na asubuhi ipi niligundua siku ile kwamba siwezi kutamka swali hata moja. Nilikuwa na maswali ya kutosha kichwani, lakini kila moja lilikuwa na jibu ambalo nisingeweza kuliweka mahali popote.

Wakati huo ndipo siku ya kujitambulisha ilipokuwa ikikaribia. Alikuwa aje kwetu Njoro na watu wake, familia ya kutoka magharibi mwa nchi ambayo reli iliileta mjini enzi za babu yake na haikurudi tena. Mama alikuwa ameshamchagua mbuzi na kuazima sufuria za kanisa. Mimi na yeye tulikwenda Gilgil kumwalika shangazi yake, kwa kuwa kwao shangazi ndiye msemaji. Wakati wa kurudi tukasimama Kikopey tule nyama. Mkataji alikuja na ubao, akakata mbavu mbele yetu kwa ile kasi inayonifanya nihesabu vidole vyake, akaacha chumvi kando. Mchumba wangu alikuwa na furaha. Alikuwa akiniigia jinsi shangazi yake atakavyomsalimia baba yangu.

Nilimwambia kwamba ile siku ya kwenda kwetu, naona tusubiri kidogo.

Alikirudisha kipande cha nyama kwenye ubao. Aliuliza kama ni tasnifu. Nikasema ni mambo mengi. Nilikuwa nikingoja aniulize mambo yapi, na kama angeuliza, nadhani ningesema yote palepale, mbele ya mkataji na kisu chake. Hakuuliza. Alisema, "Sawa," akaita maji ya kunawa.

Tulipofika Nakuru nilikuwa nimelichambua neno hilo kwa njia nne tofauti, na zote nne zilimpeleka kwa dijei. Nilimpigia mama kumwarifu kwamba imeahirishwa. Mama hakulalamika. Aliuliza tu hadi lini, kwa sababu ya sufuria. Nikamjibu kwamba nitamwambia.

Wiki iliyofuata mchumba wangu aliniandikia ujumbe wa kuniuliza nimeshindaje, nami nikamjibu kwamba nimeshinda vizuri. Huo ndio ulikuwa mpaka wa mazungumzo yetu. Msimamizi wangu, kwa upande wake, alikuwa amesoma sura yangu kuhusu kicheko na shaka, na alikuwa na swali moja pekee: watazamaji hawa, aliuliza, huingiaje ukumbini? Sikuwa nimewahi kuwaona wakiingia. Mimi hufika filamu inapoanza, kwa dakika, kwa sababu tangazo la mlangoni linataja saa nane, na mtu mwenye nidhamu hufika saa nane.

Kwa hiyo Jumapili ile nilikwenda mapema, peke yangu. Kulikuwa na foleni. Dijei alikuwa amesimama mlangoni, na kila aliyeingia alimpa kitu, lakini hakikuwa kiingilio. Kiingilio kilichukuliwa ndani, kwenye meza. Kila mmoja alimpa maneno. Mwanamke mwenye kitambaa cha kanisani alimweleza kwamba mume wake amelalamika chumvi imezidi kwenye mboga, na ni yeye mwenyewe aliyepika. Dijei akafikiri, akasema hiyo atapewa mfalme wa adui. Kijana wa bodaboda alimnong'oneza sikioni, naye dijei akacheka, akampiga begani kwa mgongo wa mkono.

Ilipofika zamu yangu alinitazama, huku akitafuna njugu, kuanzia kinasa sauti hadi viatu.

"Madam wa chuo. Leo umewahi. Haya, nipe ya nyumbani."

Nikamuuliza ya nyumbani ndiyo nini.

"Kitu watu wenu wamesema hii wiki. Sitataja mtu. Naweka kwa mdomo ya jemadari, ya farasi, yeyote. Ndiyo maana wanarudi, si ati wanasahau vile inaisha."

Nilisimama pale, sura yangu nzima kuhusu kicheko na shaka ikibomoka bila kelele. Walikuwa wakirudi kusubiri maneno ya nyumbani kwao yatoke kinywani mwa watu wa kale. Hawakuwa wameishuku hekaya hata kidogo. Walikuwa wamehamia ndani yake. Nikamwambia, kwa sababu ndilo jambo pekee nililokuwa na uhakika nalo, kwamba mimi ni mtafiti na siruhusiwi kuingilia data yangu mwenyewe, na kwamba ningependa kwanza kujua anaposema "wiki hii" anaihesabu kuanzia siku ipi.

Dijei aliacha kutafuna.

"Ngoja," alisema. "Wewe ndiye Jioni Ipi?"

Watu wawili nyuma yangu waligeuka kunitazama kwa heshima.

"Kumbe ni wewe! Mimi nilidhani ni mathe fulani wa miwani. Huyo mtu wako wa Rongai amenimaliza na wewe. Wengine wananiletea mabosi, majirani. Yeye ni wewe, wewe, wewe. Mpaka nikakutafutia sauti." Akaifanya pale pale, nyembamba, yenye kituo baada ya kila kifungu, na nikaisikia kwa mara ya kwanza jinsi wengine wanavyoisikia. "Nimejaribu vizuri?"

Ningependa kuandika kwamba wivu uliniondoka. Haukuondoka. Ulipata tu kazi nyingine. Sasa nilimwonea dijei wivu kwa sababu alikuwa amepewa mambo yangu moja baada ya jingine, yakiwa bado moto, na mtu ambaye mimi alinipa pumzi mbili za pua. Mbona kicheko kile hakuwahi kunipa mimi, nilipokuwa nikiyasema maneno hayo mwenyewe, bure, mezani kwake? Niliuliza, kwa sauti niliyojaribu kuifanya nene, kama mchumba wangu amefika.

"Leo hajakuja. Lakini jana alipita, akaacha moja." Dijei alitazama pembeni. "Akasema ni ya mwisho. Kaa mbele leo, dada."

Niliketi mbele. Ni jambo baya kwa utafiti. Kutoka mbele huoni nyuso, unasikia tu sauti za walio mgongoni mwako. Mshauri alipotokea kwenye skrini kwa mara ya kwanza, watu walipiga makofi. Mjumbe alipopiga goti na kusema adui atafika jioni, ukumbi mzima ulimsubiri mshauri ageuke, kisha wote kwa pamoja, wanawake wa kanisani, waendesha bodaboda na mzee wa Lanet, wakamuuliza mjumbe jioni ipi. Mwanamke kando yangu aliniegemea na kuniambia kwamba huyo mama ni msumbufu lakini angemtaka kwenye chama chao, maana pesa haingepotea. Nilimwonea wivu mwanamke wa kwenye skrini. Alikuwa akipendwa kwa maneno yale yale niliyoyasema mimi.

Karibu na mwisho kuna onyesho ninalolijua kwa moyo. Mshauri ametoka kwa lango la nyuma kwenda kutafuta msaada bondeni. Jemadari amebaki juu ya ukuta peke yake na farasi wake. Katika filamu ya asili anamwambia farasi kwamba theluji itazifunika nyayo za mshauri. Ndivyo maandishi ya tafsiri chini ya picha yanavyosema. Dijei alikisogeza kipaza sauti karibu na midomo, na sauti iliyotoka haikuwa ya jemadari wa Jumapili nyingine. Ilikuwa ya chini, ya mtu aliyechoka na kazi.

"Ameniambia nisubiri. Huyu ambaye akiambiwa jioni anauliza jioni ipi, akiambiwa chai anauliza ya rangi gani. Safari hii mimi ndiye nimeambiwa. Na hajasema nisubiri mpaka lini."

Hakuna aliyecheka. Nilisikia kinu cha unga nje, na mtoto akinyonya mahali fulani nyuma. Farasi alitikisa kichwa, kama anavyofanya kila Jumapili. Kisha yule mzee mwanajeshi, ambaye hajawahi kuona agizo la kijeshi asilotaka kulirekebisha, akasema kwa sauti ya gwaride:

"Kamanda, hapo unakosea. Huwezi kungoja amri mpaka baridi ikuue. Huyo mama apige simu."

Ukumbi ukacheka kwa utulivu wa kulegeza kifua. Mtu mmoja akajibu kwamba kwa hiyo ngome hakuna network. Mimi nilikuwa nimeshasimama. Kivuli changu kilipita juu ya jemadari, watu wakaniambia kaa chini madam tuone, na dijei, bila kukiondoa kipaza sauti mdomoni, akawaambia wanipishe.

Nje nilisimama kati ya magunia ya mahindi. Nilimpigia mchumba wangu; simu iliita kwa muda mrefu. Aliposhika, nyuma yake kulikuwa na ngurumo nyingine. Ulikuwa msimu wa mavuno na mashine za Rongai hazikuwa zimezimwa Jumapili ile. Aliniomba niongee kwa nguvu. Mimi ambaye hupunguza sauti hata ninapotaja anwani yangu, nilipiga kelele mbele ya foleni ya unga.

"Mbona ulimwambia yeye?"

"Nini?"

"Mbona ulimwambia yeye, hukuniambia mimi!"

Ngurumo ya upande wake ilipungua. Nadhani alikuwa akitembea, akitoka nje kama nilivyotoka mimi. "Wewe ningekwambia," alisema, "ungeniuliza ninamaanisha nini. Na sikuwa najua."

Lilikuwa jibu kamili. Lilinikasirisha kwa ukamilifu wake. Nilitaka kumuuliza kama amewahi kucheka vile kwa ajili ya mtu mwingine, kabla yangu, na ni nani, na wapi. Nilitaka kumuuliza yule dada anajua nini kingine. Mwanamke aliyekuwa akisubiri unga wake alikuwa ameacha kabisa kujifanya kwamba hasikilizi.

"Njoo kwetu Jumamosi," nikasema.

Nilikaza sikio kutafuta pumzi mbili za pua, au kile kicheko cha tumboni. Sikupata chochote kati ya hivyo. Sauti yake ilipokuja ilikuwa ya tahadhari, ya mtu anayekanyaga ubao asiojua kama umepigiliwa misumari.

"Jumamosi ipi?"

"Hii inayokuja," nikamwambia. "Kabla ya saa sita. Uje na shangazi."